Mto Mara unapimwa saa ngapi?

Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi. Watu wa Kirumi, pale daraja la barabara ya Mwanza–Sirari linapovuka kutoka Butiama kwenda Rorya, waliona samaki wanaelea matumbo juu na mto unanuka. Picha zilizunguka kwenye simu kabla mtaalamu hajafika na kichupa chake. Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Selemani Jafo, akaunda kamati ya watu 11 chini ya Profesa Samwel Manyele wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye aliwahi kuwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Wakapewa siku saba. Jibu waliloleta Musoma lilikuwa kwamba kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza, vilimaliza oksijeni ndani ya maji.

Nchi ikacheka. Vijiweni na mitandaoni swali likawa moja tu: ng'ombe wa Mara wameanza lini kunya? Babu walifuga hapo hapo, ng'ombe wakanywa hapo hapo, na samaki hawakuelea. Wengi walikuwa na mshtakiwa wao tayari, nao ulikuwa mgodi wa dhahabu wa North Mara, na hawakumzua tu. Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka eneo la mgodi hadi Mto Tigithe, ambao maji yake huishia Mara. Mwaka 2019 NEMC, baraza la taifa la mazingira, iliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi. Mtu aliyeishi na kumbukumbu hizo miaka kumi na tatu, leo umwambie ni mavi ya ng'ombe, akuelewe vipi?

Mimi naona waliocheka walikosea kuhusu mavi. Kuhusu kukosa imani hawakukosea. Nitaanza na mavi.

Juu ya mto huo huo, upande wa Kenya katika Maasai Mara, wapo viboko zaidi ya 4,000. Usiku wanapanda nchi kavu kula majani, mchana wanarudi kulala kwenye madimbwi ya mto, na humo ndimo wanamojisaidia. Watafiti wamekadiria kuwa wanaingiza mtoni kiasi cha tani 36 za kinyesi kila siku. Wakati wa kiangazi mto unapokuwa mwembamba, kinyesi hicho hutuama chini ya madimbwi, kinaoza, na maji ya chini yanabaki bila oksijeni, yakiwa na amonia na ile gesi inayonuka kama mayai viza. Mvua kubwa ya kwanza ikija, mto unayakomba madimbwi yote kwa mkupuo mmoja na kuupeleka uozo huo chini.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulieleza jambo hili kwa hesabu. Vipimo vya oksijeni viliachwa mtoni mfululizo kwa miaka mitatu. Mara 49 mto ulipofurika, oksijeni ilishuka, na kati ya hizo mara 13 ilishuka hadi kiwango cha kuua. Katika miaka mitano watafiti hao waliandika matukio tisa ya samaki kufa kwa wingi. Hapo ni ndani ya hifadhi, na walioleta uchafu ni wanyama wa porini wenyewe. Nyumbu nao wana mchango wao: kwa wastani mizoga yao 6,250 hivi huozea mtoni kila mwaka baada ya kufa maji wakati wa kuvuka.

Kwa hiyo kinyesi kinaua samaki. Hilo halina mzaha ndani yake, na wala hakihitaji kuwa na sumu. Bakteria wanaokila hutumia oksijeni ile ile ambayo samaki anaihitaji. Maji ya nyuzi joto 25 hubeba takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita, na huku kwetu juu ya mita 1,100 hubeba pungufu kidogo. Ikishuka chini ya 5 samaki wengi wanaanza kutaabika. Ikishuka chini ya 2 wanakufa, na wa kwanza kabisa huwa sangara, ambaye pamoja na ukubwa wake wote hana uvumilivu. Kambare na kamongo hubaki nyuma kwa sababu wanaweza kupanda juu kuvuta hewa. Mvuvi mzoefu hahitaji mashine kujua hili. Akiona samaki wamejaa juu midomo wazi alfajiri, anajua maji yameharibika.

Na lile swali la vijiweni, kwamba ng'ombe walikuwepo siku zote, lina jibu pia. Viboko nao wapo mwaka mzima, lakini samaki hawafi kila siku. Wanakufa siku ambayo uchafu wa miezi unasukumwa ndani ya saa chache. Kinyesi kilichotuama kwenye ardhioevu ya chini ya Mara, katikati ya mafunjo na matete yanayooza, kinangoja maji ya kukisukuma, na Machi ndiyo masika yanaanza. Zaidi ya hapo, mto wa babu si huu. Msitu wa Mau, unakoanzia mto kupitia Nyangores na Amala, umekatwa sana, mvua ikinyesha maji yanashuka kwa kasi yakiwa na udongo, na kiangazi kikija yanapungua mno. Na mifugo imeongezeka.

Sasa nigeuze upande wa pili, maana hapa ndipo kamati iliposhindwa kunishawishi. Kuonyesha kwamba oksijeni iliisha si kuonyesha kwamba hakuna kingine kilichoingia. Chukua sianidi, kemikali ya kuchenjulia dhahabu. Juani, kwenye maji ya wazi, huvunjika haraka. Kama ingepita leo ikaua, kichupa kitakachochotwa wiki ijayo hakitaikuta, na maji yatapita maabara kama malaika. Simaanishi kwamba ilipita. Ninachosema ni kwamba chupa iliyochelewa haiwezi kumtia mtu hatiani wala haiwezi kumsafisha. Wakili yeyote angelisema hilo mahakamani. Tulipewa hukumu ya siku saba juu ya mto ambao kumbukumbu zake za Desemba, Januari na Februari hazikuwekwa mezani wananchi wazione. Ungekuwepo mchoro mmoja tu wa oksijeni ya Kirumi, wa siku kwa siku tangu kiangazi, ubishi ungeisha kwa dakika tano. Mstari ungeonekana unashuka taratibu, au ungeonekana umedondoka ghafla usiku mmoja. Kila mmoja kati ya hiyo miwili unasimulia kisa chake.

Kuna jambo jingine kuhusu chupa, nalo ni saa. Mchana majani ya majini na mwani hutengeneza oksijeni kwa jua. Usiku jua halipo, lakini majani yenyewe yanaendelea kupumua, samaki wanapumua, bakteria wanapumua. Oksijeni inashuka usiku kucha na kufika chini kabisa muda mfupi kabla ya mapambazuko. Afisa anatoka Musoma baada ya chai, anafika mtoni saa nne asubuhi, anatumbukiza kipimo, anasoma 6, anaandika «maji yako salama». Samaki waliokufa saa kumi na moja alfajiri hawana namba ya kumpigia. Nimeona ripoti nyingi za mito yetu zenye jedwali zuri la namba lakini hazina safu ya saa, na ripoti ya namna hiyo naisoma nikiwa nimeshika kalamu nyekundu.

Tuache samaki, tumfikirie mtoto. Kwenye nyaraka za serikali kuna kitu kinaitwa maji ya burudani, na Kenya katika kanuni zake za ubora wa maji za mwaka 2006 iliweka hata jedwali la viwango vyake. Neno hilo linanifanya niwaze mtalii mwenye kofia pana. Wanaoburudika kwenye mito yetu ni wavulana waliopeleka ng'ombe kunywa wakavua nguo wakaruka, wasichana wanaofua wakimaliza wanaoga hapo hapo, na Jumapili kuna mchungaji amesimama kiunoni majini anabatiza. Hao wanameza maji, wanayaingiza puani, wanakaa humo nusu siku. Kila kiwango cha kuogelea duniani kinahesabu watu wa aina hiyo hata kama aliyekiandika hakuwahi kuwaona.

Kinachopimwa kwa kawaida ni bakteria wa kinyesi, hasa E. coli. Ulaya, kwa mito na maziwa, maji huhesabiwa mazuri kabisa ikiwa bakteria hao hawazidi 500 katika mililita 100, na mazuri yakiwa chini ya 1,000. Si kwa chupa moja. Zinakusanywa sampuli za misimu kadhaa, angalau 16, ndipo sehemu inapewa daraja. Tuliona jinsi kazi hiyo ilivyo ngumu pale Paris. Kuogelea Mto Seine kulipigwa marufuku mwaka 1923. Kwa ajili ya Olimpiki ya 2024 Wafaransa walitumia takriban euro bilioni 1.4, ikiwemo kuchimba tangi chini ya ardhi karibu na stesheni ya Austerlitz lenye uwezo wa mita za ujazo 50,000, ili maji ya mvua yaliyochanganyika na maji taka yasimwagike mtoni. Mvua ikanyesha siku ya ufunguzi, na triatloni ya wanaume iliyopangwa Julai 30 ikasogezwa hadi kesho yake. Mwaka uliofuata wananchi wa kawaida walifunguliwa sehemu tatu za kuogelea, na mvua kubwa ikinyesha zinafungwa.

Kilichonivutia huko si fedha. Ni kwamba kipimo cha kuotesha bakteria huchukua kama siku nzima kutoa jibu, kwa hiyo leo unajua maji ya jana yalikuwaje. Mji tajiri kama ule bado unaangalia mawingu kabla ya kuamua. Sisi wa huku tunaweza kuangalia mawingu bure, na ni kipimo kizuri kuliko wengi wanavyodhani: siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, mto unaopita kwenye mazizi na makazi una kinyesi, uwe umepimwa au haujapimwa.

Lakini ukinakili kiwango cha Ulaya ukakileta Mara kama kilivyo, umemwacha adui mkubwa nje ya jedwali. Mtoto wa kanda ya ziwa anayeogelea kwenye maji baridi hatari yake kubwa mojawapo ni kichocho, na kichocho hakionekani kwenye hesabu ya E. coli. Kinaletwa na konokono wadogo wanaokaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, kando kando, pale pale watoto wanapopenda kuingilia. Vimelea vikitoka kwenye konokono vinapenya ngozi ndani ya dakika chache, bila mtoto kumeza hata tone. Na vile vya kichocho cha tumbo, kilichoenea sana kandokando ya Ziwa Victoria, hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Maji yanaweza kufaulu kipimo cha bakteria kwa alama za juu na bado yakampa mtoto kichocho. Hapo unahitaji mtu wa kuingia na kijiko cha wavu, kuchota konokono, kuwaweka kwenye glasi juani na kuangalia kinachotoka.

Angalia saa hizo mbili sasa. Samaki wanabanwa zaidi alfajiri, mtoto anaambukizwa zaidi adhuhuri. Maji ni yale yale, mahali ni pale pale. Mpimaji aliyekuja saa tatu asubuhi na chupa moja amewakosa wote wawili, kisha anarudi ofisini kuandika sentensi moja inayohusu mto mzima. (Mamba sijawataja. Mara wana mamba, na mamba hana saa.)

Kipimo ninachokipenda mimi hakitumii chupa kabisa. Chini ya mawe ya mto wanaishi wadudu wachanga ambao hawawezi kukimbia uchafu ukija. Wale wenye mikia miwili au mitatu kama nyuzi, wanaojibana kwenye jiwe lenye maji ya kasi, hawavumilii upungufu wa oksijeni. Wale waliofanana na minyoo myekundu kwenye tope wanavumilia, kwa sababu wekundu wao ni wa kushikilia oksijeni kama damu yetu. Unasimama mtoni, unachokoa mawe kwa mguu, wavu unakuwa chini yako mkondo unakoelekea, unamwaga ulichopata kwenye sinia jeupe, unahesabu aina. Kila aina ina alama yake kulingana na inavyosumbuliwa na uchafu. Afrika Kusini wana mfumo huo wa siku nyingi, na Tanzania tunao wetu uliotengenezwa kutokana na huo, unaoitwa TARISS, uliochapishwa mwaka 2015 na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzake wa Afrika Kusini. Wadudu wamekaa pale wiki na miezi. Uchafu uliopita usiku wa Jumanne iliyopita wanaubeba kwenye idadi yao, hata kama maji yaliyouleta yako Mwanza sasa. Hilo ndilo chupa haiwezi. Wana udhaifu wao pia: watakwambia kuna kilichowaua, hawatakwambia jina lake, na kwenye ardhioevu ya Kirumi isiyo na mawe wala mkondo mkali mbinu hiyo haifanyi kazi vizuri. Ingefaa juu, kwenye vijito, ikiwemo Tigithe.

Zebaki nitaipitia haraka, ingawa wachimbaji wadogo wa mkoa huo wanaitumia kila siku. Haiui samaki kwa usiku mmoja. Inajikusanya kwenye tope, kisha kwenye nyama ya samaki wanaokula samaki wenzao, kisha kwa mlaji. Ukiitafuta kwenye maji utapata kidogo sana na utafurahi bure. Unapima tope na minofu.

Sheria yetu nayo ina macho yanayotazama upande mmoja. Viwango vya maji taka vya Tanzania vinasema maji yanayotoka kiwandani yasizidi miligramu 30 kwa lita za kile kipimo cha siku tano cha oksijeni inayoliwa na uchafu. Ni kiwango kizuri na kina meno, kwa sababu kiwanda kina bomba na bomba lina mwenyewe. Ng'ombe hana bomba. Shamba lililolimwa hadi ukingoni halina bomba, choo cha shimo kinachofurika hakina bomba. Ndiyo maana kamati ilipotaja mifugo, hakuna aliyejua barua ya onyo ipelekwe kwa nani, na ndiyo maana pia mgodi unakuwa mshtakiwa wa kwanza kila samaki anapoelea. Ni mshtakiwa mwenye anwani.

Ningekuwa na mamlaka ningeanza na kitu kidogo. Kipimo kimoja cha oksijeni kinachojiandikia chenyewe usiku na mchana, kifungwe kwenye nguzo ya Daraja la Kirumi. Kingine juu, karibu na mpaka wa Kenya, ili tukijua kitu kimeingia tujue kimeingilia wapi. Namba zake zionekane kwenye simu ya mtu yeyote, siku hiyo hiyo, bila barua ya kuomba. Wavuvi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa mialo, wapewe daftari la kuandika saa na mahali wanapoona samaki wamejaa juu, maana wao wapo majini alfajiri na mtaalamu bado yuko kitandani. Mgodi ungepaswa kuwa wa kwanza kuyataka haya. Kama hauchafui, hakuna kitakachoutetea kuliko mchoro wa miaka mitatu unaoonyesha oksijeni ikishuka kila masika bila kujali mgodi unafanya nini. Na kama unachafua, mchoro utasema.

Bonde la Mara lina sherehe yake. Tangu 2012, Kenya na Tanzania zinaadhimisha Siku ya Mara kila Septemba 15, zikipokezana uenyeji, na tarehe ilichaguliwa iendane na msimu wa nyumbu kuvuka. Viongozi hupanda miti, hotuba husomwa, na mara nyingine maji huchotwa mbele ya kamera. Septemba masika yako mbali. Maji meusi yalikuja Machi.